Pima kabla ya kujaza: mwongozo kamili wa gesi ya AC kwa magari ya zamani Tanga

Kama gari lako lilitengenezwa kabla ya mwaka 1994, usifike gereji ukasema "nijazie gesi". Sema "nipimie kwanza iliyomo". Ukianza na la kwanza, fundi atalegeza mpira, kilichomo kitapulizwa hewani, kisha utajazwa chochote kilichopo kwenye mtungi siku hiyo. Ukianza na la pili, umeshaanza kutekeleza sheria ya ozoni wewe mwenyewe, hata kama hujawahi kuisoma.

Natengeneza AC za magari hapa Ngamiani. Kaskazi ikishaanza kuvuma na jasho la Tanga likawa halikauki mgongoni, magari ya zamani huja kwa wingi: Mark II za mwishoni mwa miaka ya themanini, Corolla, Peugeot 504, Land Cruiser, na Mercedes-Benz za wazee wa Raskazone zilizotunzwa vizuri kuliko nyumba. Ninaandika kwa wenye magari hayo, kwa mafundi wenzangu, na kwa wale wenye jukumu la kutukagua, kwa sababu gesi hii ikitoka haionekani, na makosa mengi yanafanyika ndani ya dakika mbili ambazo hakuna mtu anayetazama.

Kwa nini gesi ya zamani ina sheria

Magari ya zamani yalitoka kiwandani na R-12, ambayo wengi bado wanaiita freoni. Ni gesi tulivu sana: haiwaki na haili chuma. Utulivu huo ndio ubaya wake, maana ikitoka kwenye gari pale Makorora hukaa hewani kwa takriban miaka 100. Hupanda polepole hadi kwenye tabaka la ozoni, kilomita 15 hadi 35 juu yetu, na huko mionzi mikali ya jua huivunja na kuachia klorini. Chembe moja ya klorini huweza kuharibu maelfu kwa maelfu ya chembe za ozoni kabla haijatulia. Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza hatari hii mwaka 1974, na mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko.

Ozoni ikipungua, mionzi ya urujuanimno inatufikia kwa wingi zaidi, na inaleta mtoto wa jicho na saratani ya ngozi. Mvuvi anayeshinda baharini bila kivuli na ndugu zetu wenye ualbino ndio wanaoumia mapema kuliko wengine. Nikimfikiria kijana mwenye ualbino anayeuza machungwa ya Muheza juani, siwezi kulegeza mpira wa R-12 nikasema ni kidogo tu.

Itifaki ya Montreal, mkataba wa mataifa wa kulinda ozoni, ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi tarehe 1 Januari 2010 kumaliza uzalishaji na uingizaji wa gesi za kundi la R-12. Hapa nchini jambo hili limo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kudhibiti kemikali zinazomong'onyoa tabaka la ozoni, zilizotungwa kwanza mwaka 2007. Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo yenye dhamana, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo yenye kazi ya ukaguzi.

Hapa watu wengi huchanganya jambo moja. Itifaki inahesabu gesi inayozalishwa na inayoingizwa nchini. R-12 ambayo tayari imo ndani ya gari la mzee haimfanyi mzee mhalifu. Inakuwa tatizo pale inapoachiwa hewani, au mtu anapoleta mtungi mpya wa R-12 kwa njia za panya. Kwa hiyo mwenye gari asiogope kuja gereji. Aogope gereji isiyopima.

Soma gari kabla ya kushika spana

Fungua boneti. Tafuta lebo ya AC kwenye bamba la mbele juu ya rejeta, au chini ya boneti, au juu ya kompresa yenyewe, ile pampu inayosukuma gesi. Lebo nzima hukutajia aina ya gesi, uzito wake kwa gramu, na mara nyingine aina ya mafuta. Viwanda vingi vilihama kutoka R-12 kwenda R-134a, gesi iliyochukua nafasi yake, kati ya mwaka 1992 na 1994, kwa hiyo gari la miaka hiyo usilikisie kwa umri.

Lebo ikiwa imebanduka, angalia midomo ya kujazia. Ya R-12 ina nyuzi kwa nje, unafunga mpira wa geji kwa kuzungusha. Ya R-134a haina nyuzi za nje, inapokea koplari ya kubana, na ya presha ndogo ina kipenyo cha milimita 13 huku ya presha kubwa ikiwa na milimita 16. Viwanda viliitofautisha makusudi ili fundi asikosee.

Midomo ya nyuzi haikuhakikishii kwamba ndani kuna R-12. Inakuambia tu gari lilizaliwa na nini. Katika miaka thelathini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja aliacha kitu chake.

Geji ya asubuhi

Kipimo hiki ni cha bei ndogo na kinasema mengi. Acha gari lilale kivulini usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, funga geji na usome presha ya mfumo uliotulia. Soma pia joto la hewa kwa kipimajoto, usikadirie. Kukiwa na gesi ya kutosha ndani, yaani sehemu yake bado ni majimaji, presha hufuata joto.

Kwa nyuzi joto 25, R-12 huonyesha takriban psi 80 (psi ni kipimo cha presha kwenye geji), R-134a psi 82, na R-22 psi 137. Kwa nyuzi 30 ni 93, 97 na 158. Kwa nyuzi 35 ni 108, 114 na 182.

R-12 na R-134a zimekaribiana kiasi kwamba geji ya kawaida haiwezi kuzitenganisha, lakini R-22 inajitokeza waziwazi. R-22 ni gesi ya AC za majumbani. Nayo inamong'onyoa ozoni, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko R-12, na iko kwenye ratiba ya kuondolewa. Mfumo wa gari la zamani haukujengwa kubeba presha yake.

Kaskazi moja alikuja mzee na Mercedes-Benz yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii AC nimejaziwa mara tatu tangu Ramadhani. Inapoa siku nne, inakufa."

Nikamwomba aniachie gari lilale. Asubuhi geji ikasoma psi 155. Mahali fulani fundi alikuwa amemjazia R-22 na kumwambia ni "gesi kali, ya kisasa". Kompresa ilikuwa inaumia, na mpira wa presha kubwa ulikuwa umevimba karibu na kifungo kama mguu wenye matende. Mzee alikuwa amelipa mara tatu kuharibu gari lake na kuharibu anga, na hakuna kati ya hayo aliyokuwa ameyaomba.

Geji ina udhaifu mmoja mkubwa. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na mchanganyiko huo unaweza kusoma presha inayofanana na R-134a. Wapo wanaoijaza kwenye magari kwa sababu inapoza kweli na inapatikana kila kona. Inawaka. Evaporeta, ile inayopoza hewa ya ndani, ikitoboka, gesi inaingia ndani ya gari, penye swichi na penye abiria anayewasha sigara. Ukihisi harufu ya jiko kwenye mdomo wa kujazia, simama. Usiwashe injini. Lisukume gari hadi sehemu ya wazi na upitishe kitambuzi cha gesi zinazowaka.

Kifaa kinachomaliza ubishi wote ni kitambuzi cha gesi za AC, kile kinachovuta sampuli ndogo na kukuandikia asilimia ya R-12, R-134a, R-22, gesi zinazowaka na hewa. Bei yake ni nzito kwa gereji ndogo. Mafundi watano wa mtaa mmoja wakichanga, kinanunulika na kinatumika zamu kwa zamu. Bila hicho, gari ambalo historia yake haijulikani lichukuliwe kuwa lina mchanganyiko mpaka lithibitike vinginevyo.

Dukani: mtungi gani ni wa kweli

Rangi ya mtungi isikudanganye. Zamani buluu mpauko ilikuwa ya R-134a, nyeupe ya R-12 na kijani mpauko ya R-22, lakini mpango huo wa rangi umekuwa ukiachwa, na rangi ni kitu chepesi kuiga. Soma maandishi. R-134a hubeba namba ya usafirishaji UN 3159. UN 1028 ni R-12. UN 1018 ni R-22. Mtungi mdogo wa kawaida una kilo 13.6 za gesi, kwa hiyo upime. Kisha uache ukae kivulini, ufunge geji na ulinganishe na namba nilizotoa juu. Mtungi ulioandikwa R-134a ukisoma psi 130 asubuhi ya nyuzi 27, uurudishe na risiti yako.

Jambo hili linaua. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua mafundi, baada ya kujazwa R-134a ya bandia iliyokuwa na kemikali ya R-40. Kemikali hiyo hushambulia aluminiamu na kutengeneza kitu kinachowaka mara kikigusana na hewa. Kompresa nyingi za magari ni za aluminiamu. Chukua risiti yenye jina la duka, aina ya gesi na tarehe. Muuzaji anayekataa kuandika ameshakujibu.

Kunasa, siyo kupuliza

Kabla ya kufungua chochote, gesi iliyomo inatolewa kwa mashine ya kunasia na kuingizwa kwenye mtungi wa kurudia kujazwa. Mtungi huo usijazwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, maana majimaji hutanuka yakipata joto. Kamwe usitumie mtungi wa kutupa. Uwe na mtungi mmoja wa R-12 safi, mmoja wa R-134a, na mmoja ulioandikwa MCHANGANYIKO kwa herufi kubwa.

Mchanganyiko ndio maumivu ya kichwa. R-12 na R-134a zikikutana hutoa presha ya juu kuliko kila moja peke yake, na huwezi kuzitenganisha gereji. Kazi yake ni kungoja kuteketezwa kitaalamu. R-12 safi ni tofauti: inaweza kusafishwa na kurudishwa kwenye gari jingine la R-12, na hapo hakuna kilichoingizwa nchini wala kilichotoka hewani.

Vaa miwani na glovu. R-12 huchemka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na R-134a kwenye 26 chini ya sifuri, tone moja jichoni linatosha kukupofusha. Pasiwe na moto wala kuchomelea karibu, kwa sababu R-12 ikipita kwenye moto huzaa hewa ya sumu.

Kubadili mfumo kwenda R-134a

Hapa ndipo pesa ya mteja inapoliwa au inapofanya kazi. Kumwaga R-12 na kuweka R-134a juu ya mafuta yaleyale siyo kubadili. Mafuta ya madini ya R-12 hayachanganyiki na R-134a, kwa hiyo yanalala kwenye kondensa (ile ya mbele inayotoa joto nje) na evaporeta huku kompresa ikisaga kavu. Wiki chache tu kompresa imekufa na mteja anaambiwa "gari limezeeka".

Fuata hivi:

1. Tafuta mvujo kwa naitrojeni kavu na povu la sabuni. Usitumie oksijeni hata siku moja, ikikutana na mafuta inalipuka. Hapa pwani anza na kondensa: chumvi ya bahari huila kwa mbele, na doa la mafuta yenye vumbi ndilo linaloonyesha tundu.

2. Fungua kompresa, uigeuze na uzungushe shafti kwa mkono mpaka mafuta ya zamani yaishe kutoka. Pima uliyoyatoa kwa kikombe chenye alama.

3. Badili draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu. Ya zamani ina chembe za kukausha ambazo hazikutengenezwa kwa R-134a, na kwa unyevu wa Tanga draya iliyowahi kukaa wazi imeshajaa maji.

4. Badili oringi zote ulizozigusa kwa zile zinazofaa R-134a, nyingi ni za kijani. Mipira ikiwa imepasuka au inavuja, weka yenye utando wa ndani wa kuzuia gesi.

5. Kama mfumo una valvu inayopuliza gesi nje presha ikizidi, ongeza swichi ya presha kubwa ya kukata kompresa. Presha ikipanda, kompresa izime kabla anga haijalipa.

6. Weka mafuta ya esta kwa kiasi kilekile kinachotakiwa na kompresa. Esta huvumilia mabaki ya mafuta ya madini kuliko PAG, mafuta mengine ya R-134a, ndiyo maana naipendelea kwa magari haya.

7. Funga adapta za midomo ya R-134a kwa gundi ya nyuzi ili zisitoke tena. Fundi atakayekuja baada yako asiweze kufunga mpira wa R-12 hata akitaka.

8. Vuta vakyumu, yaani toa hewa na unyevu wote kwa pampu, angalau dakika 30, mimi huvuta saa nzima msimu wa masika. Zima pampu, subiri robo saa. Sindano ikirudi, kuna mvujo au maji.

9. Jaza kwa mizani. Anza na asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kwenye lebo: gari la gramu 900 litapata kati ya gramu 720 na 765. Injini ikiwa inanguruma, jaza upande wa presha ndogo tu. Ukifungua valvu ya presha kubwa wakati huo, presha itarudi kwenye mtungi ulioushika.

Kwa joto la hewa la nyuzi 32 hivi, mfumo mzuri husoma kati ya psi 30 na 45 upande mdogo, na kati ya 200 na 260 upande mkubwa. Upande mkubwa ukipita hapo, usipunguze gesi kwanza. Angalia feni, na uoshe kondensa.

Mweleze mteja ukweli kabla ya kuanza: gari lililozaliwa na R-12 linaweza kupoza pungufu kidogo kwenye foleni likiwa na R-134a, hasa kondensa ikiwa ndogo. Akijua mapema hatarudi kudai uongeze gesi, na kuongeza ndiko kunakovunja kompresa.

R-134a haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, ya mwaka 2016, yanaipunguza nayo. Kwa hiyo isipulizwe.

Lebo na daftari

Mkaguzi hawezi kuona gesi. Anaweza kusoma lebo. Ukimaliza kubadili, ondoa au funika lebo ya zamani na ubandike mpya inayosema: R-134a, gramu ulizojaza, aina ya mafuta, tarehe, jina la gereji. Nimeiga rangi ya buluu mpauko inayotumika Marekani kwa R-134a. Iandike kwa wino usiofutika na uifunike kwa plastiki, maana joto la injini na chumvi huila karatasi kwa mwezi.

Daftari liwe na namba ya gari, gesi iliyokutwa, gramu zilizonaswa, gramu zilizojazwa, na namba ya risiti ya mtungi. Likijazwa kwa uaminifu, hesabu inajifunga yenyewe: gereji iliyonunua mitungi miwili ya kilo 13.6 haiwezi kuwa imejaza magari mia. Na gereji iliyotengeneza magari mengi bila kunasa hata gramu moja imejieleza.

Hapa nawageukia wanaotukagua. Wakaguzi wa mazingira msianze na faini, anzeni na maswali matatu: mashine ya kunasia iko wapi, daftari liko wapi, mtungi wa mchanganyiko una kilo ngapi. Maafisa wa forodha bandarini na Horohoro, pimeni mitungi badala ya kusoma karatasi pekee. Wenye mabasi madogo, taasisi na hoteli zenye magari ya zamani, andikeni kwenye oda ya kazi kwamba hamlipi bila lebo na uzito wa gesi iliyonaswa. Sharti hilo moja la malipo linabadili tabia ya fundi haraka kuliko semina. Na chuo kinachofundisha ufundi wa magari kisimpe kijana cheti cha AC kabla hajanasa gesi kwa mikono yake mwenyewe.

Wewe mwenye gari, kabla hujalipa, omba kuona vitu viwili: namba ya mizani wakati wa kujaza, na lebo ikiwa imebandikwa. Rudi baada ya wiki mbili, asubuhi, gari likiwa limelala, fundi akufungie geji bila kuwasha injini. Presha ikiendana na joto la asubuhi hiyo, sehemu ya gesi bado ni majimaji na mfumo haujaisha. Mvujo mdogo hauonekani kwenye geji mpaka majimaji yaishe, kwa hiyo apitishe pia povu la sabuni kwenye kila kifungo alichokigusa. Presha ikiwa imeshuka chini ya joto lake, au povu likitoa mapovu, asikuongezee chochote. Anase iliyobaki, na atafute tundu.